Mzee Swichi Ameamsha Mashine

Wifi yangu alikuwa amechoka hata kabla siku haijaanza. Alivaa kiatu kimoja, akakaa kitandani ameshika cha pili, anakiangalia kama mtu anayesoma barua. Nyumba yetu ina watu kumi na mmoja na bafu moja, na asubuhi ile foleni ya bafuni ilikuwa imefika jikoni. Mama anagonga mlango, anamwambia aliye ndani, yeyote awaye, kwamba maji hayabadilishi sura. Siku nyingine wifi angecheka mpaka ashike ukuta. Siku hiyo hata hakugeuka.

"Leo ndiyo leo," nikamwambia.

"Wifi, mimi leo naitaka iwe kesho," akasema, akavaa kiatu cha pili.

Huyu ni mke wa kaka yangu. Kaka anafanya kazi mbali, anarudi mara mbili kwa mwaka na begi la nguo chafu, kwa hiyo mkewe anakaa kwetu. Kusema kweli mimi ndiye niliyeng'ang'ania akae, maana nyumba isiyo na watu hunitia homa. Wifi ni fundi wa kompyuta, za ile aina wanayoiita seva, inayofungiwa chumba chake peke yake na kukoroma kutwa kama mgonjwa wa pumu. Mimi niko mapokezi kwenye kituo cha afya. Niliposikia kituo kinatafuta mtu wa kuhamisha kadi za wagonjwa kutoka makabatini kwenda kwenye seva, nilimsifia wifi yangu kwa Daktari Mkuu mpaka Daktari akaniomba nipumzike. Akampa miezi mitatu ya majaribio.

Siku hiyo miezi mitatu ilikuwa inaisha. Daktari Mkuu alikwishatutangazia wafanyakazi wote: ikifika saa sita mchana kadi zinatoka kwenye mashine, Fundi anapewa mkataba wa kudumu. Ikifika saa sita bado tunachambua mafaili ya karatasi, basi tunarudi kwenye makabati yetu na Fundi anashika njia yake. Alisema kwa upole, na upole wa Daktari Mkuu ndio unaotisha. Akikufokea ujue bado anakuhesabu kuwa mtu wake.

Tulifika saa mbili kasoro. Wifi akapitiliza chumba cha seva, mimi nikakaa kwenye dirisha langu. Sijakaa vizuri, nikasikia funguo zinalia ujiani, nikajua Mzee Swichi anakuja.

Mzee Swichi ndiye mtunza majengo. Kiunoni ana funguo thelathini na ushei, unamsikia kabla hujamwona. Kila alfajiri, sisi tukiwa bado tunagombania bafu makwetu, yeye huzunguka kituo kizima akiwasha vitu: taa za ujia, pampu ya maji, friji ya chanjo, feni ya maabara, redio ya jikoni. Kazi hiyo anaiita kuamsha nyumba. Amebakiza miezi minne astaafu. Seva ilipoletwa hakuipenda. Alisema kompyuta haifagii, haipigi deki, lakini imepewa chumba cha kiyoyozi, na yeye miaka ishirini na sita hajapewa hata feni. Maneno hayo yalimfikia Daktari Mkuu, na msiniulize yalimfikiaje.

Lakini wifi yangu alikuwa amempenda mzee, na mzee akampenda. Alikuwa akimwita binti. Asubuhi hiyo mzee akaegemea dirisha langu, akashusha sauti. Umeme ulikatika usiku, akaniambia, ukarudi alfajiri. Saa moja ukakatika tena, kidogo tu, kama mtu aliyekonyeza. Lakini nisiwe na wasiwasi.

"Nimemwamshia binti mashine yake tangu saa kumi na mbili," akasema. "Usimwambie. Akute inafanya kazi, afurahi. Amekonda mtoto wa watu."

Nikamwahidi. Kwangu siri hukaa muda wa kuchemsha chai, na kila mtu anajua. Sijui siku hiyo nilipatwa na nini. Labda ni ule uso wake. Labda ni foleni, maana watu arobaini walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi, na mama mmoja ananieleza uvimbe wa goti kuanzia siku ulipozaliwa. Nikafunga mdomo, na nikajiona mtu mwema.

Saa mbili na robo wifi akaja dirishani. Mashine haitaki.

Nikamwachia mwenzangu dirisha, nikamfuata chumbani. Taa yake ya kijani inawaka, inakoroma kama kawaida, lakini ile programu yenyewe ya kadi, akiiamrisha ianze, inakaa kimya kidogo, kisha inamjibu kwamba imeshindwa. Imeshindwa nini, haisemi. Akajaribu tena. Imeshindwa. Akazima mashine nzima, akawasha. Imeshindwa.

Alinieleza huku vidole vinaendelea kugonga, maana mimi nisipoelezwa siondoki. Programu ile ni kama mfanyakazi. Ina jina lake, Kadi, na kama mfanyakazi yeyote ina vyumba inavyoruhusiwa kuingia na vyumba isivyoruhusiwa. Ruhusa hizo alizipanga yeye mwenyewe, moja moja, wiki nzima. Na ina daftari lake, wanaliita logi. Kila siku inafungua daftari jipya, inaandika: nimeamka, nimefanya hiki, nimekwama hapa. Kitu kikiharibika fundi hamuulizi mtu, anasoma logi.

"Kama mimi," nikasema.

"Wewe huandiki, wifi. Wewe unatangaza."

Akasoma logi ya jana. Jana yote ilikuwa salama. Aliijaribu mwenyewe jioni, ikazimwa kwa amani. Akasema kama leo imekufa kabla hata ya kuandika neno, basi ugonjwa uko mbali zaidi ya hapo. Akaanza kuutafuta mbali. Akachomoa nyaya, akazichomeka. Akakagua ghala la kadi, lipo zima. Akapitia mipangilio mstari kwa mstari, mdomo unasogea kama mtu anayesali. Akakagua folda ya daftari: mwenye folda ni Kadi, ruhusa ipo. Akaweka alama ya vema kwenye karatasi, akaenda mbele. Nilimletea chai, ikapoa. Nikamletea nyingine, akainywa ile iliyopoa.

Dirishani kwangu mambo yalikuwa yameshachafuka. Tumerudi kwenye makabati, na makabati yenyewe tulikwishayavuruga katika kuyahamisha. Kadi ya babu iko kwenye droo ya watoto, kadi ya mjamzito imekwenda kwa meno. Mwenye goti alikuwa amefika kwenye historia ya goti la pili. Daktari Mkuu alipita saa tatu, akaangalia saa yake, akapita. Saa nne akapita tena.

Niliporudi chumbani wifi alikuwa kwenye simu na jamaa aliyesoma naye, fundi mwenye maneno mengi wanayemwita Mjuzi. Simu ilikuwa juu ya meza, sauti wazi. Mjuzi anasema anajiumiza bure. Afungue ruhusa zote: kila mtu asome, kila mtu aandike, folda zote, seva nzima. Itaamka tu. Akishapewa mkataba atafunga polepole.

Wifi akavuta kibodi. Aliandika amri yenyewe, nikaiona kwenye kioo cha kompyuta, fupi tu, imebaki kubonyezwa. Kidole kikakaa hewani.

"Bonyeza," nikamwambia. "Liwalo na liwe. Utafunga kesho."

"Wifi, humu ndani kuna kadi elfu tisa. Nani anaumwa nini. Nani alikuja na nani. Mtoto wa nani alipimwa damu na baba akakutwa si baba." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. "Nikifungua, kila kompyuta ya kituo inazisoma. Hata ile ya mapokezi."

Akaniangalia. Nikaangalia kiyoyozi. Najijua.

Alifuta ile amri herufi moja moja, akamshukuru Mjuzi, akakata simu. Kisha akaweka kichwa mezani juu ya mikono. Nikadhani analia, nikaanza kutafuta maneno. Alikuwa amelala. Alilala dakika nne, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, na sikuthubutu hata kukohoa. Miezi mitatu hiyo alikuwa akirudi nyumbani anakula amesimama, anakwenda kulala chumba kimoja na Mama na watoto wawili wa dada yetu, na Mama usingizini huongea kuliko mchana. Nami ndiye niliyemwambia nyumba ya watu wengi ina raha.

Alipoinua kichwa, alama ya kifungo cha mkono ilikuwa shavuni.

"Nimeangalia mlango," akasema. "Sijaangalia kabati."

Akafungua ile folda aliyoipigia vema, mara hii akaorodhesha vilivyomo ndani. Na daftari la leo lilikuwamo. Muda wote alidhani halijazaliwa, kumbe limezaliwa tangu saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Mwenye daftari si Kadi. Mwenye daftari ameandikwa ruti.

Nikauliza ruti ndiye nani.

"Mwenye nyumba. Anaingia popote, hana anayemzuia. Lakini daftari akilifungua yeye kwanza, linakuwa lake. Kadi akija haruhusiwi kutia hata nukta."

"Sasa si aendelee na kazi bila kuandika?"

"Nilimkataza mimi. Nilisema usipoweza kuandika, usianze, maana kwenye mambo ya wagonjwa kila kitu lazima kiwe na kumbukumbu." Akafuta uso kwa kiganja. "Amekaa asubuhi nzima anagoma, na sababu ya kugoma hana pa kuisemea. Mahali pake pa kusemea ndipo palipofungwa."

Akalisoma lile daftari kwa mamlaka ya ruti. Lilikuwa na mistari mitatu, wa mwisho unasema: nimeanza vizuri. Wifi aliucheka mstari ule, kicheko kifupi cha puani.

Kisha akafungua daftari lingine, la mashine yenyewe, linaloandika nani ameingia na lini. Saa kumi na mbili na dakika kumi, ruti aliingia. Hakuingia kwa mbali. Aliingia kwa kibodi ile ile iliyokuwa mbele yetu. Pale wifi akakaa wima. Paswedi ya ruti, alisema, anaijua yeye peke yake, na Daktari Mkuu anayo kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Kama kuna mtu ameingia chumbani akaandika paswedi ile, basi hilo si la ufundi tena, ni la polisi.

Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Wifi," nikasema. "Ni Mzee Swichi."

Nikamwambia yote: umeme, kuamsha nyumba, usimwambie, akute inafanya kazi. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hilo peke yake lilitosha kunitesa.

"Umejua tangu saa mbili," akasema.

"Alitaka ufurahi."

"Tangu saa mbili, wifi. Nyumbani najua Mama ameota nini kabla hajaamka, kwa mdomo wako. Leo ndiyo umeona unyamaze."

Nikaanza kukusanya vikombe vya chai.

Tukamwita mzee. Akaja na funguo zake, anatabasamu, mpaka alipoona nyuso zetu. Hakuficha kitu. Alisema alifanya kama ilivyoandikwa. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ameivisha mfuko wa plastiki isilowe. Mistari minne. Wa kwanza: bonyeza kitufe kikubwa. Wa pili: andika ruti, kisha hii paswedi. Wa tatu na wa nne: amri za kuwasha programu.

Wifi aliitambua kabla hajaishika. Ulikuwa mwandiko wake.

Ni ya wiki ya kwanza, umeme ulipokuwa ukikatika mara tatu kwa siku na mashine bado haina kitu ndani ila majaribio. Alichoka kuitwa. Siku moja akiwa mlangoni na begi begani alimwandikia mzee karatasi, akamwambia umeme ukirudi fanya hivi, kisha akaenda zake kulala, na akaisahau kama mtu anavyosahau ndoto. Programu ikapewa jina lake na ruhusa zake baadaye. Paswedi hakuibadilisha. Umeme ukatulia mpaka usiku wa jana, lakini mzee hakusahau. Alfajiri aliiwasha kwa jina la mwenye nyumba, mwenye nyumba akafungua daftari. Umeme wa saa moja ukaizima programu, seva ikarudi yenyewe na taa yake ya kijani, lakini daftari likabaki na mmiliki wake. Mzee alikuwa kwenye pampu, akaona kijani, akajua mambo safi.

"Nimeharibu, binti?" akauliza.

"Kaa, mzee," wifi akasema. Akaisukuma karatasi chini ya kibodi.

Kutengeneza kulimchukua mstari mmoja. Alimrudishia Kadi daftari lake, akaamrisha programu ianze, ikaanza. Saa tatu za jasho, na dawa yake mstari mmoja. Saa tano na dakika ishirini na tano nilikuwa dirishani kwangu naandika jina la mwenye goti, na kadi yake ikatoka yote kwenye kioo, magoti yote mawili. Akaniuliza mbona sasa hatumsikilizi.

Nilirudi mbio chumbani kusherehekea, nikamkuta Daktari Mkuu keshafika. Amesimama katikati, mikono nyuma. Mzee Swichi yuko kwenye kiti, kofia mapajani, na wifi yuko kwenye kibodi. Daktari alikwishaona foleni inatembea. Alisema amefurahi. Kisha akauliza ilikuwa nini.

Wifi akasema daftari lilifunguliwa na mtu asiye mwenyewe.

"Logi inasemaje?" Daktari alikuwa amejifunza neno hilo mwezi huo, alilipenda.

"Inasema ruti aliingia saa kumi na mbili na dakika kumi."

"Saa hizo kituoni anakuwapo mtu mmoja tu," Daktari akasema, akaziangalia zile funguo. Akakumbusha, kwa ule upole wake, kwamba kuna mtu aliyesema kompyuta haifagii. Nikatamani ardhi ipasuke, maana njia yaliyopitia maneno yale ilianzia kwenye ulimi huu. Kisha akamgeukia wifi. "Fundi, kama ni yeye, niambie tu. Mkataba wako uko mezani kwangu. Nitaandika barua mbili kwa kalamu moja."

Mzee akaikunja kofia mapajani.

Nami namjua wifi yangu. Niliona anavyoangalia ule ukingo wa plastiki uliochungulia chini ya kibodi. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Logi ilikuwa imeshasema, na haikusema uongo. Angeweza kwenda nyumbani saa nane, akalala mpaka kesho kutwa, na mkataba chini ya mto. Miezi minne ya mzee ingekwisha vibaya, lakini ingekwisha hata hivyo. Nilimwona mtu aliyechoka anahesabu kipi kinachosha zaidi.

"Mkono ulikuwa wake, Daktari," akasema. "Paswedi na amri ni zangu. Nilimwandikia mimi."

Akaitoa karatasi, akampa.

Daktari Mkuu aliisoma mistari yote minne. Akaigeuza akasoma na nyuma, ambako hakukuwa na kitu. Kisha akauliza kama anaelewa kwamba kwa wiki kumi na moja ufunguo wa kadi elfu tisa umekuwa ukitembea kwenye mfuko wa shati, karibu na pampu ya maji. Wifi akasema anaelewa. Na shati linafuliwa wapi, Daktari akauliza. Mzee akajibu yeye: karatasi huitoa kwanza, ndiyo maana aliinunulia plastiki.

Nadhani plastiki ile ndiyo iliyomwokoa mtu. Daktari aliishika, akaikunja, na kona moja ya mdomo wake ikacheza. Akasema barua itakuwa moja. Mzee abaki na funguo zake zote isipokuwa wa chumba hiki. Fundi aongezwe miezi mitatu ya majaribio, mkataba utazungumzwa tena, na paswedi ibadilishwe kabla hajatoka mlangoni. Akaenda.

Miezi mitatu mingine. Wifi aliipokea kama mtu anayepewa mtoto wa jirani amshike kidogo. Alibadilisha paswedi. Aliiamrisha programu iwe inaamka yenyewe umeme ukirudi, kitu ambacho, alisema, angekifanya tangu jana kama asingetaka kuiwasha kwa mkono mbele ya watu. Kisha akachukua karatasi nyeupe, maana Mzee Swichi alikuwa bado amekaa pale, kiuno chake kimepungua ufunguo mmoja, na akauliza kwa sauti ndogo sasa yeye akiona umeme umekatika afanye nini.

Wifi akamwandikia mstari mmoja: Usiguse. Nipigie. Na chini yake namba ya simu.

Mzee akaivisha plastiki.

Na anapiga. Kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili, simu inalia kwenye chumba cha Mama. Wa kwanza kuamka ni watoto, kisha nyumba nzima. Umeme ukikatika anapiga kusema umekatika na hajagusa. Usipokatika anapiga kusema haukukatika, na hajagusa. Mama anamwambia wifi kaongee na mume mwenza. Wifi anaipokea macho yamefumba, anasema ndiyo mzee, asante mzee, siku njema mzee, anairudisha chini ya mto.

Nilimwambia amkataze. Au azime simu tu.

"Acha," akaniambia, amejifunika shuka mpaka kichwani. "Yeye angalau ananiambia. Wewe uliye wa kwangu hukuniambia."

Nikaondoka polepole kwenda kushika foleni ya bafu.